Ukristo wa Afrika kabla ya Krapf: usome kipi?

Ndugu, umeuliza kitabu gani kipya cha kisomi kinaeleza Ukristo wa Afrika kabla Krapf, yule mmishonari Mjerumani, hajatua Mombasa mwaka 1844. Anza na A Multitude of All Peoples cha Vince Bantu, 2020. Kinapita Misri, Nubia na Uhabeshi, kikavuka hadi Syria na Uchina.

Mimi ninachokipenda zaidi kwenye mada hii ni Aksum, ufalme wa kale wa Uhabeshi. Mfalme Ezana, karne ya 4, sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara. Alipoingia Ukristo akavifuta vyote, akapiga msalaba. Sasa anayesema dini hii ililetwa na meli za Wazungu mwambie aziangalie zile sarafu kwanza.

Ukiona Bantu anakulemea, kuna The Kingdom of God in Africa cha Mark Shaw na Wanjiru Gitau, pia 2020. Chepesi zaidi, ingawa kinakimbiakimbia maana bara zima ni kubwa.

Kuhusu hapa kwetu pwani ya Kenya, hivyo viwili havitakushibisha. Tafuta cha Robert Strayer juu ya wamishonari wa Rabai na Frere Town. Ni cha 1978, si kipya, lakini ndicho kinachokuonyesha watumwa walioachiwa huru, na wale waliosomeshwa Nasik kule India, wakivutana na wamishonari wao wenyewe. Watu wanapita Kengeleni, pale Mombasa, kila siku kwa matatu na hawajui ile kengele ya Frere Town ililia kwa ajili ya nani.