Kabla hujagusa injini: kuiandaa kwadi kwa mbio za msituni

Kila Februari ikikaribia kwisha, simu yangu huanza kulia. Kijana kanunua kwadi ya mbio, yaani pikipiki ya magurudumu manne, mara nyingi Yamaha YFZ450R iliyotumika, kaifikisha nyumbani kwa trela ya kuazima, na swali lake la kwanza ni lile lile: "Kaka, nianze na eksozi au nianze na kamshafti?" Wengine ni Wakongo wa Louisville, wengine Wabongo wenzangu wa hapa Ohio, na wiki iliyopita kapiga mmoja wa Mombasa anayeishi North Carolina. Wote nawajibu hivyo hivyo: injini iache kama ilivyotoka kiwandani. Kosa hilo nililifanya mimi, na risiti bado ninazo.

Mimi ni fundi. Morogoro nilikuwa nafungua bodaboda, huku nafungua kwadi na pikipiki za matope. Misimu sita sasa nakimbia mbio hizi kwenye daraja la chini kabisa la watu wazima. Sijawahi kushika kombe. Ila nimemaliza mbio nyingi, na wengi walionipita kwenye mzunguko wa kwanza niliwakuta kwenye mzunguko wa tatu wamekaa kwenye gogo, kofia mkononi, wanasubiri kuvutwa.

Kwanza elewa unakwenda kufanya nini. Mashindano makubwa ya aina hii Marekani ni Grand National Cross Country, GNCC kwa kifupi. Asili yake ni Blackwater 100, mbio alizoanzisha Dave Coombs mwaka 1975 huko Davis, West Virginia. Kwadi hukimbia Jumamosi, pikipiki Jumapili, na utakaa juu ya mashine karibu saa mbili bila kupumzika. Florida ni mchanga unaokula plati za klachi na subira yako. Union, South Carolina, ni udongo mwekundu unaoganda kama ugali uliolala. Snowshoe, West Virginia, ni mlima wa mawe na mizizi. Msimu hufungwa Crawfordsville, Indiana. Bill Ballance alibeba ubingwa wa kwadi mara tisa mfululizo, 2000 hadi 2008, na huwezi kufanya hivyo kwa mashine inayokufia njiani.

Sasa tazama ulichonunua. YFZ450R iliingia sokoni mwaka 2009 ikiwa imeundwa kwa ajili ya motokrosi: kuruka vilima na kukata kona pana kwenye uwanja wa wazi. Kwa hiyo ni pana, karibu inchi 49 kutoka nje ya tairi hadi nje ya tairi. Uwanjani upana huo ni utulivu. Msituni ni balaa, kwa sababu njia hupita katikati ya miti na mti hausogei. Yamaha wenyewe walilijua hilo. Waliwahi kutoa ndugu yake, YFZ450X, yenye upana wa kama inchi 46, wakaacha. Ukiikuta imetunzwa vizuri, nunua bila kujadiliana sana.

Nikupe kisa. Mbio zangu za pili nilikuwa na eksozi mpya, programu mpya ya injini na mikono ya mbele, vile vyuma vinavyoshika magurudumu kwenye fremu, ya kiwandani. Nilitoka vizuri. Maili ya nne hivi kuna miti miwili, njia inashuka halafu inabana. Aliyekuwa mbele yangu alipita kama maji. Mimi tairi la kushoto liligusa, usukani ukanitoka mkononi, na tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na tairi, ikapinda kama kijiko. Tairi moja likaangalia Indiana, la pili likaangalia Kentucky. Nguvu zote zile nilizolipia zilikuwa zinaunguruma pale pale chini ya mti.

Mzee mmoja aliyekuja kunivuta alinionyesha kitu ambacho nakifanya hadi leo. Alikuwa na fimbo ya mwerezi aliyoikata kwa upana kamili wa kwadi yake, na juu yake kachonga alama ya upana wa nyuma. Siku moja kabla ya mbio huingia msituni kwa miguu na fimbo yake, akifika penye miti iliyokaribiana anailaza chini katikati. Ikipita na nafasi ya ngumi mbili, hapo huenda kwa kasi. Ikipita kwa shida, hutafuta njia nyingine pembeni. Ikigoma, anajua kabla ya kufika kwamba lazima aingie kwa pembe, tairi moja likipanda kwenye shina. Nilicheka. Kesho yake nilikata ya kwangu.

Kupunguza upana kuna njia ya gharama na njia ya kawaida. Ya gharama ni mikono mipya ya mbele iliyotengenezwa kwa ajili ya msitu, pamoja na shokabu za kuendana nayo. Ya kawaida ni kubadilisha rimu, uchukue zile ambazo tairi linakaa ndani zaidi. Ukichagua hiyo, funga tairi, kisha zungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho huku kwadi iko juu ya stendi, uone kama rimu inagusa kalipa ya breki au tairodi. Nyuma weka ekseli ya kurekebishika, uivute ndani. Ekseli ya kiwandani hata usipoibadilisha kwa upana utaibadilisha kwa kupinda. Lenga kama inchi 46 au 47 mbele, nyuma pungufu kidogo, ili mbele ikipita, nyuma ifuate bila kuuliza.

Baada ya upana, shokabu. Hapa ndipo ningetumia dola yangu ya pili, na hapa ndipo vijana hawana uvumilivu. Springi ulizonunua nazo zilichaguliwa kwa uzito wa mtu ambaye si wewe. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 100 hawawezi kukalia springi moja wote wakafurahi. Kabla hujagusa skrubu yoyote, vaa kila kitu utakachovaa siku ya mbio: viatu, kinga ya kifua, kofia, mfuko wa maji mgongoni ukiwa umejaa. Jaza mafuta kwenye tangi. Weka kwadi kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa matairi ukiwa sahihi, panda, ruka ruka mara tatu, kaa kama unavyokaa njiani. Mwenzako apime kutoka chini ya fremu hadi sakafuni, mbele na nyuma. Kwa msitu unataka fremu iwe juu kuliko ya watu wa motokrosi, kwa sababu huku utapita juu ya magogo na mawe, na mbele iwe juu kidogo kuliko nyuma. Ukibana springi hadi mwisho na bado inalala chini, springi ni laini kwako, nunua nyingine. Kubana zaidi hakutasaidia.

Halafu skrubu za kurekebisha shokabu. Funga kila moja taratibu hadi iguse mwisho huku unahesabu milio, andika namba hiyo kwenye daftari, kisha irudishe pale pale. Hiyo ndiyo nyumbani kwako, ukipotea unarudi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, milio miwili, kimbia njia ile ile ya maili moja, andika. Mbele ikipiga chini kabisa kwenye mashimo, ongeza ugumu wa kushuka. Nyuma ikikurusha teke kila ukipita mizizi, punguza kasi ya kurudi juu. Kazi hii ilinichukua Jumamosi tatu na daftari moja la shule. Baada ya hapo mikono yangu iliacha kufa ganzi dakika ya arobaini, na hakuna eksozi duniani itakayokufanyia hivyo.

Ukishamaliza urefu, panga matairi ya mbele kwa uzi. Usukani uufunge uwe umenyooka kabisa, kisha mbele ya matairi iwe imebana kwa robo ya inchi au pungufu kuliko nyuma yake. Ukibadilisha urefu wa shokabu, upangaji huu nao umehama. Rudia.

Matairi sitayazungumzia sana. Chukua yenye kuta ngumu, ya tabaka sita, yaliyotengenezwa kwa ajili ya msitu. Mbele inchi 21 au 22 kwa kimo, nyuma 20. Upepo anza na paundi 6, mawe yakizidi panda hadi 7, kukiwa na matope na hakuna mawe shuka hadi 5. Nunua geji ya upepo mdogo. Ile ya kupimia gari la familia haioni tofauti ya paundi moja, na kwenye kwadi paundi moja ni kitu kikubwa.

Chini ya tumbo vaa bamba zima, la aluminiamu au la plastiki ngumu, na bamba lingine chini ya mkono wa nyuma, ule unaobeba ekseli, kulinda disiki na sproketi. Mikono ya mbele nayo ina bamba zake. Pembeni, fremu za kuzuia mguu usiingie mbele ya tairi la nyuma, zenye wavu. Hizo usikimbie bila kuwa nazo hata mazoezini. Niliona mguu wa mtu ulioingia pale, sitaki kueleza.

Juu ya hendeli: kinga za mikono, kidhibiti cha mtikisiko wa usukani, na kamba ya kuzima injini inayofungwa kwenye kifundo cha mkono. Ukianguka inachomoka na mashine inazima. Bila kamba hiyo hukimbii GNCC, na hata mbio ndogo za kijijini hukataza. Ijaribu asubuhi ya mbio kwa kuivuta. Nimewahi kumwona mtu kaivaa vizuri kabisa, waya wake chini umekatika miezi miwili.

Sasa betri. Ndiyo, betri. Mbio huanza injini zikiwa zimezimwa. Mmepangwa mstari, bendera ikishuka ndipo unawasha. Betri ya miaka mitatu iliyolala gereji baridi lote la Ohio itakunong'oneza badala ya kuwasha, na utabaki umekaa pale unawahesabu wenzako wanaingia msituni. Ilinitokea. Betri mpya ni sehemu ndogo ya bei ya eksozi na imenipa nafasi nyingi zaidi kuliko eksozi ilivyowahi. Kama umenunua Honda TRX450R ya zamani isiyo na stata ya umeme, fanya mazoezi ya kupiga kiki ukiwa umekaa na umevaa kila kitu, mpaka mguu ujue wenyewe.

Nikirudi kwenye injini, kwa sababu najua bado unaiwaza: vitu viwili tu. Filta ya hewa iwe safi, ilowekwe mafuta yake vizuri, na ivishwe soksi ya nje ya kuzuia vumbi. Beba ya pili iliyokwisha pakwa mafuta ndani ya mfuko wa plastiki. Na uzito wa ziada kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka ndani ya injini. Huo hauongezi nguvu, unailainisha, ili kwenye mlima wenye mizizi tairi lishike badala ya kuzunguka bure, na injini isizime ukipunguza mwendo ghafla. Tangi la YFZ450R ni kama lita 10. Usidhani litakutosha saa mbili bila kupima. Pima mazoezini unatumia kiasi gani kwa maili kumi, ndipo uamue kama utaweka tangi kubwa au utaingia kuongeza.

Cheni ipime mtu akiwa amekaa juu. Shokabu ikibanwa na mkono wa nyuma ukapanda, cheni hukaza, na ile uliyoiona ina nafasi nzuri kwenye stendi inaweza kuwa kamba ya gitaa ukiwa umeipanda. Beringi za ekseli hufa kwa sababu hiyo, watu wakalaumu matope.

Baada ya mbio osha, lakini mdomo wa mashine ya kuoshea usiuelekeze kwenye beringi wala kwenye rejeta kwa karibu. Mapezi ya rejeta hulala na kesho injini inachemka. Kisha chukua rangi ya kucha, ile ya kawaida ya dukani, na chora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoshikwa: nati za ekseli, boljointi, tairodi, bolti za mikono. Nati ikilegea mstari unakatika, unaona bila spana. Yangu ni nyekundu, ya mke wangu, na ananidai chupa tatu. Mwaka jana Snowshoe, nusu saa kabla ya kupanga mstari, nilikuta mstari wa nati ya ekseli umekatika na ncha zake zimeachana upana wa kidole. Nilikaza, nikachora mwingine juu yake, nikaenda kuvaa kofia.