Chanjo isiyochanja: je, tuibadilishie jina?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma famasia Dodoma na nimepewa kazi ya kuandika muhtasari kwa Kiswahili kuhusu chembe ndogo sana za metali, kama dhahabu na fedha, zinavyotumika katika tiba, hasa katika chanjo zinazopitia mdomoni. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Chembechembe ndogo za chuma huboresha utoaji wa chanjo ya mdomo." Mwenzangu anasema nimekosea mara tatu. Kwanza, kitu kinachonywewa hakiwezi kuitwa chanjo, maana hakuna anayechanjwa. Anataka niandike "kinga ya kunywa". Pili, badala ya "chuma" niweke "madini". Tatu, lazima neno "nano", la kuonyesha udogo wa chembe hizo, lionekane. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako ana sikio zuri, na kwenye hoja ya tatu amekushinda. Ya kwanza nampinga moja kwa moja, na kwenye ya pili mmekosea wote wawili.

Neno chanjo limezaliwa na kitenzi chanja, kama tendo lilivyozaliwa na tenda, pigo na piga, neno na nena. Kuchanja ni kukata au kupasua. Tunachanja kuni, na mganga humchanja mtu chale kisha akamsugulia dawa kwenye mikato. Ishike picha hiyo ya chale, kwa sababu chanjo ya ndui ilifanana nayo mno. Haikuwa sindano ya kuchomwa pajani. Mchanjaji alichovya kwenye dawa sindano fupi yenye ncha mbili, mfano wa uma mdogo, akaidonoa ngozi ya mkono mara kadhaa papo kwa papo mpaka damu ikaonekana kidogo. Pakatokea kidonda, kikakauka, likabaki kovu. Aliyekwisha kuona chale hakuwa na haja ya kutafutiwa jina la kitendo hicho. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizo ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa umetokomezwa duniani. Siku hizi hakuna mtoto anayechanjwa ndui, lakini mama akisema "nampeleka mwanangu chanjo", hakuna anayewaza wembe.

Kama mwenzako anashikilia kwamba jina lazima lilingane na kitendo, basi mwulize kuhusu ng'ombe. Jina wanalotumia Waingereza na Wafaransa kwa chanjo limetoka kwenye neno la Kilatini la ng'ombe, vacca, kwa sababu mwaka 1796 daktari Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe akauchanjia mkononi mwa mtoto wa kiume, na mtoto akakingika na ndui ya watu. Mwaka 1881 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur akapendekeza jina hilo litumike kwa chanjo zote za namna ile, kwa heshima ya Jenner. Leo chanjo ya surua haina ng'ombe ndani yake na jina lao halijatikisika. Chanjo yetu nayo imeshavuka ngozi, imekuwa jina la kitu chochote kinachoufundisha mwili kuutambua ugonjwa kabla haujafika. Wafugaji wa kuku walilimaliza suala hili zamani: chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni tone moja jichoni, au inachanganywa kwenye maji ya kunywa, na mfugaji husema "nimechanja kuku wangu" bila kugusa kisu.

Hilo neno kinga analolipendekeza mwenzako lina kazi zake tayari. Chandarua ni kinga. Kondomu ni kinga, tena kwa vijana wengi hiyo ndiyo maana ya kwanza. Zaidi ya hapo, kinga ndilo jina la kile ambacho chanjo huuachia mwili. Jaribu kuandika "kinga ya kunywa huupa mwili kinga" uone sentensi inavyojikanyaga. Chanjo ni kile unachopewa, kinga ni kile unachobaki nacho. Famasia haiwezi kumudu kuyachanganya haya mawili.

Pale ambapo neno chanjo linatutia matatani kweli ni kwenye kitenzi. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, nikamwona nesi akiminya matone mawili ya polio kwenye ulimi wa mtoto wa wiki sita, akaandika kwenye kadi, akasema, "Haya mama, polio ameshachanjwa." Mama akamgeuza mtoto, akamtazama mapaja yote mawili, akauliza, "Sista, umemchoma saa ngapi?" Nesi akacheka kwa upole: "Hii anakunywa, mama. Ya kuchoma inakuja." Mama yule hakukosea. Jina limetanuka, kitenzi bado kinanukia damu kidogo, hasa kikisemwa mbele ya mtoto ambaye ametoka tu kulia. Mimi ningemshauri nesi aseme "ameshapewa chanjo ya polio" au "ameshakunywa chanjo", na kuchanjwa akiache kwenye taarifa za jumla kama "watoto waliochanjwa mwezi huu".

Sasa "chanjo ya mdomo". Kiswahili kimezoea kutaja ugonjwa baada ya "chanjo ya": chanjo ya surua, chanjo ya pepopunda, chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo "chanjo ya mdomo" inasikika kama chanjo dhidi ya maradhi ya mdomo, na kwa mfugaji wa ng'ombe hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa yeye anaujua ugonjwa wa miguu na midomo na chanjo yake anaijua. Andika chanjo ya kunywa kama ni ya maji, chanjo ya matone kama inadondoshwa, chanjo ya kumeza kama ni kapsuli, kama ilivyokuwa moja ya chanjo za homa ya matumbo. Ukihitaji jina moja linalozibeba zote kwenye maandishi ya kitaalamu, "chanjo zinazotolewa kwa njia ya mdomo" inatosha. Ni ndefu, ila haimdanganyi mtu.

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu hapa kosa la neno linageuka kosa la dawa. Mtaani chuma kinabeba metali zote: fundi chuma, vyuma chakavu, na kwenye gunia la vyuma chakavu utakuta shaba na alumini zimelala pamoja na nondo. Sina ugomvi na mtaa. Lakini kliniki mjamzito hupewa vidonge vya madini ya chuma ili aongeze damu, na kuna hata dawa ya upungufu wa damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, ambayo ndani yake mna chembe ndogo mno za oksidi ya chuma zinazoingizwa kwenye mshipa. Hizo ndizo chembe za chuma. Ukiiita dhahabu chuma, msomaji wako atadhani unazungumzia dawa ya damu.

Madini nayo hayafai. Dhahabu ni madini, sawa, lakini tanzanaiti ni madini pia, na chumvi na jasi vilevile, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu ambacho ni metali. Neno unalolihitaji ni metali. Umelitumia vizuri kwenye barua yako, ukaliogopa ulipofika kwenye sentensi. Na kama utafiti wenyewe ni wa dhahabu peke yake, achana hata na metali, andika dhahabu.

Usidhani dhahabu ya namna hii iko mbali nasi. Kipimo cha haraka cha malaria, nesi anapokutoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kijidirisha, akadondosha maji yake na mkasubiri mistari: katika vingi vya vipimo hivyo, mstari mwekundu unaojitokeza ni dhahabu. Dhahabu ikipunguzwa hadi nanomita makumi machache (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja) haing'ai manjano tena, inageuka nyekundu kama juisi ya rozela. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaelezea wenzake wa London rangi hiyo mwaka 1857. Nawapenda sana walimu wa sayansi wanaoanzia hapo, kwa kitu ambacho mwanafunzi ameshakishika mkononi.

Kuhusu fedha, nina angalizo fupi. "Chembe za fedha" zinaweza kumpeleka msomaji kwenye mfuko mtupu, kwa vile watu husema "sina hata chembe ya fedha". Hata hivyo fedha ni jina halali la metali hiyo, na hakuna anayesikia "medali ya fedha" akadhani ni noti. Unapoandika juu ya bandeji za majeraha ya moto zenye metali hiyo, taja mara ya kwanza "metali ya fedha", halafu endelea.

Kwenye nano, mwenzako anadai haki. Chembechembe tayari tumewapa watu wa damu: chembechembe nyekundu, chembechembe nyeupe. Chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo vipande vya dhahabu vya nanomita 20 unaweza kuvipanga zaidi ya 300 kwenye mstari mmoja kukatiza upana wake. Kuviita vyote chembechembe ni kuliita gunia na punje jina moja. Ila nano iwekwe wapi? Wapo wanaoandika "chembe nano". Isome kwa sauti, haraka: utasikia chembe nane. Mimi nasema nanochembe, kwa kufuata nyayo za nanomita, milimita na kilogramu, ambazo masikio yetu yameshazikubali. Tunasema nanochembe hizi zinabeba, zinapenya, upatanisho wa i-zi. Kile cha ki-vi ni chembe cha moyo, nacho ni mahali pengine kabisa mwilini.

"Utoaji" nao uupime. Kutoa chanjo kumezoeleka, lakini kutoa ni pamoja na kung'oa: tunatoa jino, tunatoa damu. Tena kazi ya nanochembe siyo kutoa, ni kubeba na kufikisha. Mwaka 2009 maelfu ya watu wa Unguja na Pemba walikunywa chanjo ya kipindupindu, na kabla ya kunywa ulikorogwa kwanza kwenye maji unga wa kupunguza asidi ya tumbo, ili chanjo isiunguzwe njiani. Watafiti wa nanochembe wanahangaika na safari hiyohiyo: kuivusha chanjo tumboni ikiwa salama, ifike kwenye utumbo mwembamba, ambako mna seli zinazoipokea na kuuamsha mwili utengeneze kingamwili, yaani protini za kupambana na ugonjwa.

Limebaki neno moja ambalo mwenzako hakuligusa nami siwezi kuliacha: hu- ya "huboresha". Hu- ni ya mazoea, ya jambo linalotokea siku zote, kama jua huchomoza mashariki. Nanochembe za dhahabu katika chanjo za kunywa bado ziko maabara, na majaribio mengi ni ya panya. Ukiandika "huboresha", mama wa benchi lile ataiulizia kliniki kesho asubuhi. Andika hivi: "Watafiti wanachunguza kama nanochembe za metali, hasa dhahabu, zinaweza kufikisha chanjo ya kunywa utumboni bila kuharibika." Na popote matokeo yalipopatikana kwa panya, panya hao wabaki kwenye sentensi yako.