Sheria ya uchumi na biashara: jibu langu kwa anayeogopa hesabu

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umepata nafasi ya kusoma sheria ya uchumi na biashara, nyumbani wanataka uwe wakili wa kusimama mahakamani, hesabu ulizikimbia tangu sekondari, na hapo juu kuna mchangiaji kakuambia kozi hii ni "nusu sheria, nusu uchumi, mwisho hujui chochote". Mimi nimeisoma nikaimaliza, na ndiyo inayonilisha mpaka leo. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Nianze na hesabu, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Hesabu iliyonitisha kuliko zote upande wa sheria ni hii. Makampuni mawili yakitaka kuungana, mamlaka ya ushindani hutaka kujua soko limeshikwa na wachache kiasi gani. Wanachukua asilimia ya soko ya kila kampuni, wanaizidisha kwa yenyewe, kisha wanajumlisha zote. Makampuni 4 yenye asilimia 25 kila moja: 625 mara 4, yaani 2,500. Kampuni moja yenye 70 na tatu zenye 10 kila moja: 4,900 ongeza 300, yaani 5,200. Soko likiwa la mmoja peke yake, 10,000. Imeisha. Kipimo kinaitwa Herfindahl-Hirschman, na jina lake ni gumu kuliko chenyewe.

Ugumu uko kwenye swali linalotangulia: soko lenyewe ni lipi? Chukua kampuni ya mabasi kati ya miji miwili yenye reli. Je, treni imo kwenye soko hilo au haimo? Jaribio linalotumika sana ni kujiuliza: nauli za mabasi yote zikipanda asilimia 5 hadi 10 na zisishuke, abiria watahamia treni kwa wingi kiasi cha kuifanya nyongeza hiyo isilipe? Wakihama, treni imo. Na treni ikiingia, ile kampuni iliyokuwa na asilimia 70 ya mabasi inaweza kujikuta na 20 tu ya usafiri. Mawakili wa pande mbili watagombea hilo miezi kadhaa, na hakuna mwenye kikokotoo mkononi. Wanagombea ushahidi: abiria gani, saa ngapi, wana mizigo au hawana. Kama unajua kubishana kwa hoja, umeshavuka.

Kitu kingine ni mizania, ile karatasi inayoonesha mali na madeni ya kampuni. Hiyo sikufichi, ilinitoa jasho. Kipindi cha kwanza mwalimu wetu, mama mmoja mkali asiyepaza sauti, aligawa karatasi moja moja. Ilikuwa mizania ya kampuni iliyokwisha kufa, jina limefutwa kwa wino. Hakueleza mali ni nini wala deni ni nini. Akasema tu: "Nionesheni nani hatalipwa." Darasa kimya. Tukaanza kubahatisha, naye anatikisa kichwa, mpaka akachora foleni ubaoni. Mbele mwenye dhamana juu ya mali fulani. Halafu gharama za ufilisi wenyewe, halafu wafanyakazi kwa kiwango ambacho sheria imekitaja, halafu wadai wa kawaida, na mwisho kabisa mwanahisa, kama kuna cha kumfikia. Mpangilio huo hubadilika kidogo nchi kwa nchi, lakini foleni ipo kila mahali.

Siku hiyo ndipo nilipojua ninasoma nini. Mambo yakiharibika, hasara inamkalia nani? Tangu hapo kila somo nililiingia na swali hilo mkononi, na hata yale niliyoyaona makavu yakaanza kusomeka.

Ukisoma mahali penye sheria ya asili ya Kiingereza, mapema sana utakutana na Aron Salomon. Alikuwa mtengenezaji wa viatu vya ngozi London. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe, yenye wanahisa 7: yeye, mkewe na watoto watano. Hisa zilikuwa 20,007, zake 20,001. Sehemu ya bei hakulipwa taslimu. Alichukua hati za deni za pauni 10,000 zenye dhamana juu ya mali ya kampuni. Biashara ikayumba, kampuni ikafilisika, na waliokuwa wameikopesha bila dhamana hawakuwa na cha kugawana. Mfilisi akadai huyu mtu na kampuni yake ni kitu kimoja, alipe madeni. Mahakama ya kwanza ikamwangusha Salomon, ya rufaa ikamwangusha pia. Kesi ikafika Bunge la Mabwana, wakati huo ndilo mahakama ya juu kabisa Uingereza, na hukumu inayonukuliwa kama ya 1897 ikapindua yote: kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine kabisa, hata kama mwenye hisa karibu zote ni mmoja na sita waliobaki ni wa kukamilisha idadi.

Mimi nilinyoosha mkono nikasema huu ni wizi wenye mhuri. Mwalimu hakunijibu. Akasema, "Soma Macaura, uje kesho."

Macaura alikuwa na shamba la miti huko Ireland. Mbao zake zote aliziuzia kampuni ambayo hisa zake zilikuwa mkononi mwake, ila bima ya moto akaikata kwa jina lake mwenyewe. Baada ya muda mfupi moto ukala karibu mbao zote. Kampuni za bima zikagoma kulipa, na mwaka 1925 Bunge hilo hilo la Mabwana likaziunga mkono: mbao ni za kampuni, wewe ni mwanahisa tu, hukuwa na maslahi ya kisheria ya kuzikatia bima. Ukuta uleule uliomkinga Salomon ukamfungia Macaura nje. Nilirudi darasani kesho yake nimenywea. Baadaye nikaisoma kesi ya rubani Lee, aliyekuwa na hisa 2,999 kati ya 3,000 za kampuni yake na akajiajiri humo. Ndege ilipomuua kazini, mjane wake akashinda rufaa, katika hukumu inayonukuliwa kama ya 1961, akalipwa fidia, kwa kuwa kampuni ni mtu mwingine na mume alikuwa mwajiriwa wake halali. Kanuni ni ileile. Ila safari hii ilimfaa mjane.

Biashara ya kimataifa nayo ina utamu wake. Kuna masharti mafupi ya usafirishaji, Incoterms, yaliyotolewa mara ya kwanza 1936. Kwa sharti la FOB (free on board, muuzaji anaufikisha mzigo melini), hadi toleo la 2000, hatari ya mzigo ilitoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi pale mzigo unapovuka ukingo wa meli. Sasa fikiria kreni imenyanyua kontena, kamba imekatika, kontena limegonga ukingo, nusu limeangukia ndani ya meli na nusu gatini. Tulibishana juu ya hilo mpaka taa za darasa zikazimwa. Toleo la 2010 liliachana na ukingo: sasa mzigo uwe umewekwa melini. Ongeza hapo Mkataba wa Vienna wa 1980 juu ya mauzo ya kimataifa ya bidhaa. Muuzaji na mnunuzi wakiwa nchi mbili tofauti zilizouridhia, na wasipouondoa, mkataba huo unaingia wenyewe kwenye biashara yao, hata kama wote wawili hawajawahi kuusikia. Mfanyabiashara ukimwambia hivyo anakutazama kama unamtania.

Sasa nikuambie nilipoumbuka. Mwaka wa tatu nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya mawakili. Nikapewa mkataba wa kusambaza vifaa, kurasa 38, upande wetu ni muuzaji. Niliandika maoni ya kurasa mbili nikiwa na raha kabisa: bei iko wazi, riba ya kuchelewesha malipo ipo, usuluhishi upo, na tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi, itatekelezeka kwa mnunuzi kwa kuwa nchi yake imo kwenye Mkataba wa New York wa 1958, ule wa kutambua tuzo za usuluhishi za nchi za nje. Dada aliyekuwa ananisimamia akasoma, akauliza, "Mteja wetu analipwa lini?" Nikajibu haraka: siku 60 baada ya Kukubaliwa kwa mzigo. "Na mzigo unakubaliwa lini?" Nikafungua kurasa mbele, nikarudi nyuma. Neno Kukubaliwa lilikuwa na herufi kubwa, maana yake limeelezwa mahali, na mahali penyewe ni kifungu cha 1, kile cha tafsiri, ambacho nilikiruka kwa sababu niliona ni cha kujaza kurasa. Kilisema Kukubaliwa ni siku mnunuzi atakaposaini hati ya kuridhika. Hakikusema asaini ndani ya siku ngapi. Yaani asiposaini, siku 60 hazianzi kuhesabiwa, na ile riba yangu nzuri haina pa kuanzia. Nilihisi masikio yanawaka. Hadi leo mkataba wowote nauanzia kwenye tafsiri, naandika kila neno lenye herufi kubwa kwenye karatasi ya pembeni, na viambatisho navisoma kabla ya vifungu vya bei.

Mtihani wa kwanza wa sheria ya mikataba pia nilianguka, na nilikuwa nimekariri kesi kuliko wengi. Nilimwaga majina na miaka, nikasahau watu walio kwenye swali. Anayesahihisha anataka umwambie: tatizo ni hili, kanuni ni hii, kwa mtu huyu wa kwenye swali inafanya kazi hivi kwa sababu ya jambo hili na hili, basi anadai kiasi fulani au hadai. Kipande cha tatu ndicho chenye alama, na ndicho wengi tunakipitia mbiombio.

Kuhusu "nusu sheria, nusu uchumi": aliyekuambia hivyo ana hoja kidogo. Kuna vyuo vinavyoweka masomo hayo pembeni kwa pembeni bila kuyakutanisha, na hapo unatoka na vipande. Yakikutanishwa ni habari nyingine. Mwaka 1937 mwanauchumi Ronald Coase aliuliza swali la kitoto: kama soko linapanga kila kitu vizuri, kwa nini kuna makampuni? Jibu lake ni kwamba kulitumia soko kuna gharama zake: kutafuta mtu, kupatana, kuhakikisha anatimiza. Baada ya hapo huwezi tena kuusoma mkataba wa ajira na mkataba wa ugavi kama vitu visivyojuana. Ni njia mbili za kukwepa gharama zilezile.

Kodi, haki miliki, sheria ya kazi: utazisoma, zina kazi yake, sina la kuongeza hapa. Ufilisi ukiona ni somo la hiari, lichukue. Watu hulikimbia kwa sababu ya jina.

La wazazi sasa, na hili usilipuuze. Kabla hujathibitisha nafasi, waulize chuo kwa maandishi kama shahada hii inakuruhusu kuendelea na mafunzo na mitihani ya uwakili. Si kila mahali inaruhusu. Ujerumani, kwa mfano, wapo wengi wenye shahada ya kwanza ya sheria ya uchumi, lakini ujaji na uwakili njia yake ya kawaida ni mitihani miwili ya serikali, na shahada hiyo peke yake haikupeleki huko. Wanafanya kazi nzuri benki, kwenye bima, kodi, ununuzi na usimamizi wa mikataba, ila mahakamani kama mawakili hawasimami. Kama wazee wamekaza kwenye joho, jibu la barua hiyo ndilo litakaloamua, kabla ya maoni yangu na ya wengine wote humu.

Ukiipata orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza iweke hapa hapa, pamoja na jibu la chuo. Nitakuambia lipi la kuanza kulisoma likizo hii na lipi la kuliacha likusubiri darasani.