Kuhusu mkataba wa kaboni wa miaka 30

Ndugu, nimekuelewa: kampuni inataka kamati yenu isaini wiki hii mkataba wa miaka 30 wa kuuza hewa ya kaboni (yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mimea na udongo) kutoka malisho ya jamii huko Tana River, Kenya, nanyi mmepewa ukurasa wa mwisho tu. Msisaini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkataba na mwekezaji hauwezi kupitishwa na kamati peke yake. Unahitaji ridhaa ya theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii. Aidha, marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Hapo ndipo penye ujanja: someni kwa makini ni gharama zipi zinazokatwa kabla ya mgawo, kwa maana nimeona rasimu ambamo hata mishahara ya ofisi ya ng'ambo ilitangulia.

Kwa kuwa mradi unaweza kubana malisho, ulizeni pia mifugo italishwa wapi wakati wa kiangazi. Kisha mpelekeeni rasimu nzima wakili wa masuala ya ardhi, asiyelipwa na kampuni hiyo.