Masika, watu watano, vyumba viwili bonde la Msimbazi: anzeni na mlango

Mleta mada, umesema mko watano kwenye vyumba viwili vya kupanga jirani na Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na unauliza ununue nini kabla ya masika. Wengi hapo juu wamekimbilia tochi na biskuti. Mimi naanza na mlango.

Madirisha yetu yana nondo, hivyo mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Ufunguo wa kufuli la geti ukae kwenye msumari mmoja, juu, pembeni ya mlango, na hata mtoto aujue gizani. Kama mlango unafungukia nje, maji ya nje yakifika magotini mtu mmoja hausukumi. Kama unafungukia ndani, adui ni friji: maji yakiingia huelea, halafu hulala kuziba mlango. Lihamishieni ukuta wa mbali leo, ni kazi ya dakika tano. Mtungi wa gesi nao huelea. Fungeni koki, mtoe regulata, mtungi muufunge kamba.

Msisubiri mvua ya kwenu. Mto huu unaanzia huko milima ya Pugu na Kisarawe, kwa hiyo maji yanaweza kuwafuata hata kama huko bondeni, mtaa kama Kigogo, ni manyunyu tu. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitoa angalizo la mvua kubwa, mtu mmoja asilale. Maji yakifika kizingitini, zimeni meinswichi kwanza, mkono mkavu na miguu pakavu. Yakishaingia hadi miguuni, iacheni, tokeni.

Viroba vya mchanga havizuii mafuriko, vinawapa muda. Vijazeni nusu au theluthi mbili tu. Kiroba kilichojaa kinakuwa duara na kuacha mianya. Kunjeni mdomo uingie chini, pangeni kama matofali, nyuma wekeni turubai. Kimoja kizibe tundu la choo cha ndani, maana karo likijaa uchafu unarudi kupitia hapo, na mlangoni mtakuwa mmeziba bure.

Maji ya kunywa na kupikia: lita 4 kwa mtu kwa siku, siku tatu, ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Yakae juu ya meza, mfuniko umefungwa kwa lailoni. Yakiisha, chujeni mengine kwa kitambaa kabla ya kutia dawa, kwa sababu matope hula klorini. Kipimo cha vidonge vya klorini kisomeni kwenye karatasi yake, saizi zinatofautiana. Kuchemsha hadi yatokote ndiyo salama zaidi, ila jiko la mkaa lisiwe ndani mmefunga madirisha.

Vitambulisho vya taifa (NIDA), vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na bima: mifuko miwili ya lailoni, mmoja ndani ya mwingine, kisha ndoo ya mfuniko. Humo humo wekeni noti ndogondogo. Mtandao ukikata, simu hailipi bodaboda.

Kubalianeni pia mahali pa kukutana kwa kila upande wa Jangwani, pale Barabara ya Morogoro inapovuka mto. Barabara hiyo ikifungwa pale, aliyeko Kariakoo harudi Magomeni. Asijaribu kuvuka kwa miguu: maji yaendayo kasi yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima, na mtaro usio na mfuniko hauonekani. Zimamoto ni 114.

Mkirudi, umeme usiwashwe kabla fundi hajafungua soketi za chini na kuzikausha.