Nyumba ya Hattiesburg: kodi ya majengo anayolipa mwenye nyumba wa sasa si utakayolipa wewe

SWALI: Nimefanya kazi ya uuguzi Lowell, Massachusetts, miaka 24, na Septemba hii natimiza 65. Nataka kustaafia Hattiesburg, Mississippi, mji aliosomea mwanangu. Nimepata nyumba ya dola 160,000 karibu na Chuo Kikuu cha Southern Mississippi. Kwa sasa wamepanga wanafunzi. Kilichonitisha ni kodi ya majengo: dola 4,080 kwa mwaka! Picha ya hati ya kodi nimeambatanisha. Nitaiweza kwa pensheni? Na je, Massachusetts wataendelea kuikata kodi pensheni yangu? Kila Desemba nataka kwenda Mombasa, nirudi Machi. (Mama, Lowell)

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa kazi ya miaka yote hiyo.

Nimeikuza picha ya hati yako. Thamani ya nyumba imeandikwa 160,000, lakini thamani inayotozwa kodi ni 24,000, na pembeni pana alama ya daraja la 2. Hapo ndipo penye jibu. Mississippi haitozi kodi kwenye thamani yote ya nyumba, inatoza kwenye sehemu yake tu. Nyumba anayoishi mwenyewe ni daraja la 1, na sehemu hiyo ni asilimia 10. Nyumba ya kupangisha ni daraja la 2, nayo ni asilimia 15. Mwenye nyumba huyo haishi pale, kwa hiyo hata angekuwa na miaka 80 angelipa hivyo hivyo.

Gawanya 4,080 kwa 24,000, unapata senti 17 kwa kila dola. Hicho ndicho kiwango cha eneo hilo, kaunti, jiji na shule vikijumlishwa. Sasa jiweke wewe mahali pake. Asilimia 10 ya 160,000 ni 16,000. Aliyefikisha miaka 65 na anaishi katika nyumba yake husamehewa dola 7,500 za kwanza za thamani hiyo inayotozwa, zinabaki 8,500. Mara senti 17, ni dola 1,445. Kutoka 4,080 hadi 1,445, nyumba ile ile! Mthamini akiipandisha thamani, hesabu itapanda nayo, lakini njia ya kuikokotoa ni hiyo.

Wasomaji wenye miaka 50 na kitu, kwenu tahadhari ni kinyume chake. Nyumba aliyokuwa akiishi mzee huonyesha kodi ndogo sana, na mkiinunua msamaha ule hauji nayo. Ninyi mtapata punguzo la kawaida lisilozidi dola 300.

Pensheni isikunyime usingizi. Tangu 1996 sheria ya shirikisho inakataza jimbo ulilohama kutoza kodi pensheni ya mtu ambaye si mkazi wake tena. Mississippi nayo haitozi pensheni wala malipo ya Soshali Sekyuriti, yaani malipo ya uzeeni ya serikali ya shirikisho. Kodi ya shirikisho inabaki palepale.

Msamaha huo wa anayeishi katika nyumba yake, wanaouita wa homstedi, hauji wenyewe. Uwe umeimiliki na unaishi humo ifikapo Januari 1, kisha uende ofisi ya mthamini wa kaunti kati ya Januari na Aprili 1. Chukua hati ya umiliki iliyosajiliwa, leseni ya udereva na namba za gari, na gari hilo liwe limeshasajiliwa Mississippi. Ukienda na pleti za Massachusetts utarudishwa. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alifika Aprili 2 na bahasha yake imepangwa vizuri kabisa. Alilipa kodi kamili mwaka mzima. Kwa hiyo safari ya Mombasa nenda, kutokuwepo kwa muda hakuifanyi nyumba isiwe makazi yako, ila usiipangishe nyuma yako, na tiketi ya kurudi isivuke katikati ya Machi.

Bima ndiyo ningeiogopa zaidi kuliko kodi. Kimbunga cha Februari 2013 kilipita chuoni hapo hapo, na cha Januari 2017 kikapiga Chuo cha William Carey, mji huo huo. Uliza paa liliezekwa mwaka gani, na upate bei ya bima kabla ya kutoa ofa. Kwenye mkataba wa bima, tafuta kiasi utakachobeba mwenyewe paa likiezuliwa na upepo. Kikiandikwa asilimia 2, ni ya thamani ya bima, na kwa bima ya 160,000 hizo ni dola 3,200 mfukoni mwako. Mafuriko hayamo katika bima ya kawaida, na bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30.

Kuna jambo hukuuliza, nalo ndilo linaloweza kuvuruga hesabu yote. Wale wanafunzi wana mkataba, na anayenunua nyumba huurithi mkataba wa wapangaji waliomo. Mikataba ya karibu na vyuo mara nyingi huisha Julai. Ukinunua Novemba na wao wakabaki hadi Julai, Januari 1 hutakuwa unaishi humo, na mwaka unaofuata utalipa 4,080 ile ile. Omba mkataba huo wiki hii, kabla ya kutia saini chochote, uangalie tarehe ya mwisho. Ikiwa ni Julai, mwambie dalali wako aandike katika ofa kwamba nyumba ikabidhiwe tupu kabla ya Desemba. Mwenye nyumba akikataa, bora usubiri hadi wanafunzi watoke ndipo ununue.