Flagstaff hadi Kanab na watoto: piteni barabara ya 89A

Dada, umeuliza kama watoto watachoka mkipita 89A kutoka Flagstaff, Arizona, hadi Kanab, Utah, kwa siku moja. Mkisimama Navajo Bridge, wala! Daraja la zamani, la mwaka 1929, sasa ni la watembea kwa miguu tu. Chini, kama mita 140, unapita mto Colorado, na mkibahatika mtawakuta kondori, ndege wakubwa wala mizoga, wamejikunyata kwenye vyuma vya daraja, namba zimebandikwa mbawani. Hapo msiwe na haraka. Lees Ferry, kivuko kilichotumika kabla ya daraja, ni jirani tu. Mafuta jazeni Cameron, kijiji mtakachopita kabla ya daraja, na mbebe maji ya kutosha. Halafu saa: wakati wa kiangazi, eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko mtakakopita, liko saa moja mbele ya Arizona kwingine.